Mbabula mbili ndani ya lupango moja

Leo sileti habari ya mkutano. Ninaleta yangu mwenyewe.

Mwaka 2018 nilitoka Lubumbashi kuja hapa Likasi kufuata mafunzo ya majuma sita. Tulitayarishwa kwenda kujitolea ngambo ya mpaka, Zambia, kwenye makao ya Mantapala, wilaya ya Nchelenge. Makao yale yalifunguliwa Januari mwaka ule kwa Wakongomani waliokimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika. Kila mmoja wetu aliwekwa kwa jamaa. Mimi nilipelekwa Shituru, kwa mzee aliyefanya kazi ya kiwanda miaka mingi, na mke wake.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, watu nane. Nikawaza: nisiwe mzigo. Nilinunua mbabula yangu, makala kidogo na unga. Kila magaribi nilipika nyuma ya nyumba, nikala peke yangu, nikaosha sahani yangu. Niliamini hiyo ndiyo heshima.

Siku ya nne watoto waliacha kunikaribia. Jumapili mama alikuja akasimama mbele ya mbabula yangu.

«Mwanangu, bukari yangu iko na nini?»

«Hapana mama, sitaki kuwasumbua.»

Alivuta kiti akakaa. Akaniambia kwamba mwaka 1992, watu wa Kasai walipofukuzwa Likasi, yeye alikuwa msichana mdogo. Jamaa yao ililala kwenye kituo cha gari la moshi, majuma na majuma, wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai. Mama mmoja wa Kikula, si wa kabila lao, aliwaletea bukari na sombe. Siku ya kwanza mama yake alikataa kwa haya. Yule mama wa Kikula akarudi na sufuria yake, analia. Kesho yake akaja tena.

«Mama yangu akamwambia: nitakula, lakini niletee binti zako niwasuke nywele. Toka siku ile walikuwa wandugu.»

Kisha akamimina maji juu ya makala yangu.

Unga wangu uliingia katika mfuko wake. Nilipewa kazi: kuchota maji saa kumi ya usiku, kabla mstari haujawa mrefu, na kusomesha mtoto wa mwisho hesabu. Sitawadanganya: bukari haikuongezeka. Siku zingine tulilala na chai tupu. Lakini tulijua wote sababu, na watoto walirudi kukaa karibu nami.

Kule Mantapala nilikuwa nikiingia kwa jamaa, siulizi tu «Mnakosa nini?» Niliuliza pia «Mnajua kufanya nini?» Swali la pili ndilo lililofungua vinywa vya watu.

Ninyi mliopokea wageni Shituru, Panda, Kikula: mpeni mgeni kazi, hata ndogo. Ninyi mliopokelewa: mkipata kikombe cha unga, kitieni katika sufuria ya nyumba.

Mbabula yangu niliiacha pale. Mama anapikia maharagi.