Ngome ya Iringa na Bibi Harusi Wangu

Leo tuweke shela na mitindo pembeni, niwahadithie safari.

Nilimsindikiza binti wa dada yangu Iringa kwa wakwe zake. Nguo zote nilimshona mwenyewe, ila baridi ya kule sikuihesabu. Nasaha nilimpa pia: "Mama mkwe mwekee mpaka, usimzoee." Tulipopanda Kitonga akaanza kulia. "Mama mdogo, huku simjui mtu." Sikuwa na jibu.

Siku ya tatu mama mkwe, Mhehe, akatuchukua hadi Kalenga, kama kilomita 15 kutoka mjini. Alituambia jina Iringa limetokana na neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Hapo Kalenga Chifu Mkwawa aliyazungushia makao yake ukuta wa mawe. Mwaka 1891 watu wake walilishinda jeshi la Wajerumani pale Lugalo. Wajerumani wakarudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ikaanguka. Mkwawa akaendelea kupigana porini karibu miaka minne, hadi Julai 1898 alipojipiga risasi ili asikamatwe. Hilo namwachia Mola wake.

Kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Fuvu lilirudishwa 1954, na leo limo ndani ya kioo katika makumbusho madogo pale Kalenga. Nilishindwa kuliangalia. Sisi tumefundishwa maiti asitiriwe haraka, na huyu watu wake walimngoja miaka 56.

Bibi harusi akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, hawakukata tamaa?"

"Wa kwetu ni wa kwetu, mwanangu. Hata wewe sasa." Akavua shuka lake begani akamfunika, maana mtoto alikuwa anatetemeka.

Niliona haya. Ukuta wa mawe ulianguka, lakini watu hawakumsahau wao. Na mimi nilikuwa nimemfundisha mtoto kujenga ukuta kwa mwanamke aliyemvulia shuka.

Usiku nikamwambia, "Ile nasaha yangu ya mpaka, isahau." Akacheka, mara ya kwanza tangu tuvuke bahari.

Bibi harusi mwenzangu unayekwenda mbali, heshima peleka, adabu peleka, na shuka zito usisahau. Kabla hujaweka mpaka, wape watu nafasi uwajue. Allah azitie baraka ndoa zetu. Amin.