Mji, Pindo na Jina

Katika mambo ambayo watu huyadharau kwa ndimi zao na kuyaheshimu kwa fedha zao, mavazi hayana mshindani. Mtu atakuambia kuwa nguo ni kitu cha kusitiri mwili tu, na baada ya hapo utamkuta amesimama mbele ya duka nusu saa nzima, akilinganisha mashati mawili ambayo tofauti yake ni upana wa ukosi. Sisi wasomi ndio wakubwa wa unafiki huu. Twaandika kurasa nyingi juu ya vazi la shujaa katika tendi, lakini kijana akituambia kuwa anasomea mishono, nyuso zetu huingia huruma, kama kwamba ameshindwa masomo mengine yote ndipo akaangukia huko.

Mwaka jana alinijia ofisini kijana wa namna hiyo, binti anayesomea ubunifu wa mavazi katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Aliniamkia, akaketi ukingoni mwa kiti, akafungua mfuko wake akatoa doti tatu za kanga ambazo hazijakatwa wala kupindwa. "Mwalimu," alisema, "nimeambiwa kuwa wewe wafundisha ushairi. Nataka kujua jambo moja. Jina la kanga likikatwa, bado ni jina?" Nilimwuliza sababu ya swali lake. Alieleza kuwa kazi yake ya mwisho ni mavazi ya kanga, na kwamba mmoja wa wakufunzi wake amemwonya kuwa maandishi juu ya nguo ni mambo ya sokoni, na kwamba sokoni hakutoki ubunifu bali bidhaa. Onyo hilo lilikuwa na uzito, kwa kuwa aliyelitoa ndiye atakayemtahini. Doti zenyewe zilinunuliwa kwa fedha ya upatu wa mama yake, na zamu ya mama katika upatu ilikuwa imekwisha. Mkasi ukipita mara moja, hapana doti ya nne.

Nilimjibu siku ile kwa kifupi. Hapa napenda kujibu kwa urefu, maana onyo la mkufunzi yule nimelisikia mara nyingi, na kwa upande wa kanga historia yenyewe yalikataa.

Kabla ya kanga, pwani yetu ilivaa merikani na kaniki. Merikani ni pamba isiyotiwa rangi, iliyoletwa Unguja na merikebu za Marekani, hasa kutoka mji wa Salem, biashara iliyopata nguvu baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na serikali ya Marekani. Kaniki ni nguo iliyotiwa nili ikawa nyeusi-buluu. Hizo ndizo nguo za watu wa kazi na za watumwa. Kisha, katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa mwambao walizua jambo. Madukani kulikuwa na leso za kufutia uso, zenye nakshi, zilizochapwa mfululizo juu ya jora moja. Neno leso lenyewe tumelipata kwa Wareno. Desturi ilikuwa kununua leso moja moja. Wanawake wakanunua sita zikiwa bado zimeungana, wakazikata tatu na tatu, wakazishona ubavu kwa ubavu, wakapata nguo pana ya kujifunga ambayo hakuna kiwanda kilichoiwazia. Wenye maduka walipoona hivyo, wakaagiza ng'ambo nguo ichapwe nzima kwa umbo lile. Yasemekana kuwa nakshi za madoadoa za siku zile, zilizofanana na manyoya ya ndege kanga, ndizo zilizoipa jina.

Tazama basi ubunifu ulianzia wapi. Haukuanza kwa mchoraji mwenye kalamu. Ulianza kwa mnunuzi, mbele ya meza ya duka, pale alipokataa kukatiwa leso moja. Baadaye maneno yakaongezwa juu ya nguo, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa hati za Kirumi. Jina la mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdulla, hutajwa sana katika habari hiyo, na chapa yake ya "Mali ya Abdulla" imekuwa kwa wanawake wengi ithibati ya kanga njema. Hata huko, lakini, mwenye duka alichapisha yale aliyoyasikia wateja wakiyataka. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya Unguja, ameonyesha kuwa baada ya utumwa kuondolewa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliacha kaniki wakashika kanga, ili jicho la mpita njia lisiwatambue tena kwa hali yao ya zamani. Nani atasema kuwa mwanamke yule aliyefungua pindo la fedha yake ya kwanza akanunua doti alikuwa ananunua bidhaa tu?

Baada ya mazungumzo ya kwanza, binti alinichukua Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, anionyeshe anavyonunua. Mimi nimenunua kanga katika mtaa ule tangu ujana wangu, wala sikudhani kuwa kuna la kufundishwa. Lakini yeye ana kanuni. Safari ya kwanza huenda bila fedha, kwa kuwa, asema, fedha humfanya mtu aone kile tu anachoweza kukilipa. Siku hiyo hugusa. Hukisugua kitambaa baina ya kidole gumba na cha shahada, aone kama ugumu wake ni wa uzi au wa wanga uliotiwa kiwandani, ambao huondoka kwa fuo la kwanza. Hugeuza upande wa nyuma atazame rangi imepenya kiasi gani. Safari ya pili huenda na daftari, na siku hiyo haangalii nguo bali wanunuzi. Aliniambia niwatazame, nikawatazama. Mama mtu mzima aliingia, mwuzaji akakunjua kanga mbele yake, na kabla ya kuuliza bei, mama akauliza, "Yasemaje?" Mwuzaji akasoma kwa sauti. Mama akatikisa kichwa. Rangi aliipenda, lakini maneno yale, alisema, akiyavaa kwa wifi yake yatazua vita. Zikakunjuliwa kanga saba au nane, zikasomwa zote, na dukani pakawa kama barazani: mwingine akacheka, mwingine akafasiri, kijana wa kubeba mizigo akatoa maoni ambayo hakuna aliyemwomba. Hatimaye mama alinunua nguo ya rangi asiyoipenda sana yenye maneno yaliyomfaa. Binti aliandika yote. Safari ya tatu ndiyo ya fedha, na hiyo ni fupi mno.

Nimehudhuria semina nyingi za uhakiki ambazo maneno machache hayakupimwa kwa uangalifu wa namna ile.

Sehemu nyingine anakotafuta elimu ni kwenye mitumba, na hapo mimi naye hatukubaliani kwa yote. Hununua makoti makuukuu ya Ulaya, yale yaliyochakaa hata hakuna mwingine anayeyataka, akaenda nayo chumbani akayafumua mshono kwa mshono. Ndani ya koti zuri la zamani, alinionyesha, kuna kitambaa kigumu kilichofumwa pamoja na manyoya ya farasi, kilichotungwa kwa mishono midogo isiyoonekana nje, na hicho ndicho kinachokipa kifua umbo. Mkono wa koti hukatwa ukiwa mpana kuliko tundu lake la bega, na ziada ile hufinywa kidogo kidogo kwa uzi na mvuke wa pasi, hata pasionekane kunyanzi. "Vitabu vya chuoni vyaonyesha picha ya koti likiwa limekwisha," alisema. "Hili lanionyesha mkono wa aliyelishona." Sina la kupinga hapo. Lakini nilimkumbusha yaliyotokea mwaka 2016, wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walipoazimia kuyaondoa mavazi ya mitumba kidogo kidogo ili viwanda vyetu vipate pumzi, Marekani ikatishia kuondoa nafuu za ushuru, wengine wakalegea, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikasimamishiwa nafuu ya mavazi mwaka 2018. Binti alisikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza kama katika azimio lile palikuwa na kifungu cha kufundisha watu kushona bega. Swali lake lina ukali, na bado naona kuwa nchi iliyofungua kiwanda cha Urafiki mwaka 1968 na ambayo leo madukani mwake kanga nyingi zatoka India ina haki ya kuhuzunika juu ya belo, hata kama ndani ya belo mna shule.

Nirudi kwenye swali la mkasi. Kanga ina mambo matatu: pindo lililozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina lililo sehemu ya chini ya mji. Mafundi wetu wanaposhona magauni ya kanga aghalabu hulitupa jina, au hulikata bila kulitazama, hata ukaona silabi mbili zimebaki kwapani hazina wenyewe. Huko ndiko kukata kunakoua. Lakini lugha yetu imezoea kukatwa kwa njia nyingine. Mshororo wa shairi una kituo katikati, na pande zake mbili tumezipa majina, ukwapi na utao. Msikilizaji husimama hapo, akangoja, na katika kungoja kule ndimo ladha ilimo. Majina mengi ya kanga yana kituo hicho. Nilimwambia binti hivyo, nikamwachia.

Alirudi baada ya wiki tatu na vazi la doti moja. Jina lake lilikuwa ile methali ya kale, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Doti ni nguo mbili zenye jina lile lile, kwa hiyo kutoka ya kwanza alichukua "Mgeni njoo" akaiweka kifuani, na kutoka ya pili akachukua "mwenyeji apone" akaiweka mgongoni. Vipande vilivyobaki hakuvitupa, alivifanya bitana. "Anayenijia atasoma mwaliko, mwalimu," alisema. "Akitaka kujua kwa nini amealikwa, sharti anitazame ninapoondoka." Mabega ya vazi lile yalikuwa yamesimama sawasawa, na nilijua yalikotoka.

Mkufunzi wake alilipa alama za wastani, akaandika kuwa ushonaji ni wa hali ya juu na kwamba maandishi yanavuruga umbo. Binti hakulia mbele yangu. Mama yake amelichukua vazi, analivaa harusini, na majirani wawili wamekwisha kuleta doti zao washonewe, kwa masharti kwamba jina walichague wao na mahali pa kulikata pia wapachague wao. Jambo hilo la pili limempa binti taabu kubwa kuliko mtihani.

Sasa anataka kuchapisha kanga yake mwenyewe. Mwenye duka mmoja amemwambia kiasi cha chini cha doti za kuagiza, nacho ni kikubwa mno kwa upatu wowote, lakini hilo halijamzuia kutunga. Ameniletea majina kumi na moja katika daftari lile lile la Mtaa wa Uhuru, niyatazame vina na maana. Mengi ni mepesi, mawili ni matusi yaliyofichwa vizuri, na moja, la saba, nimelisoma kwa sauti mara nyingi wala sijaamua kituo chake kiko wapi. Nimempigia mstari, nimeandika pembeni: tulisome pamoja Jumatatu.