Mnatoka Wapi?

Shavu la mpwa wangu lilianza kuvimba upande mmoja, masika yakielekea kwisha, na sote pale nyumbani Kibamba tukasema ni jino. Bibi yake akaweka karafuu. Zahanati moja wakang'oa jino, wakatupa dawa. Uvimbe ukaendelea. Wakang'oa la pili. Mtoto mwenyewe ana miaka mitano, meno ya utoto, lakini nani angebishana na koti jeupe?

Wiki ya tatu jicho lilianza kusukumwa nje. Dada akambeba, tukatoka hadi Barabara ya Morogoro kudaka daladala. Kule Muhimbili wakakata kinyama, na majibu yalipotoka tukaambiwa ni limfoma ya Burkitt.

"Pakiti?" dada aliniuliza pale kwenye benchi. "Pakiti ya nini, kaka?"

Usiku huo sikulala. Mimi ni mtu wa vitabu, nikiogopa husoma. Nikamkuta Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ayalandi, aliyepoteza jicho moja tangu utotoni, na aliyefika Uganda mwaka 1946. Mwaka 1957 aliitwa wodini Mulago amtazame mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Hakuelewa. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, akachungulia dirishani na kuona mtoto mwingine amekaa kwenye nyasi na mama yake, uso uleule. Akatoka nje kwenda kumtazama.

Hapo ndipo niliposimama muda mrefu. Ni wangapi tungetoka nje?

Alianza kuuliza swali ambalo hata karani wa dirishani huuliza: mtoto anatoka wapi? Akatuma barua kwenye hospitali za Afrika, akawa anachomeka pini kwenye ramani. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walinunua gari kuukuu aina ya Ford kwa pauni 250, wakaendesha majuma kumi, kama kilomita 16,000, wakipita Tanganyika kuelekea kusini, hospitali hadi hospitali, wakionyesha picha na kuuliza: mmewaona watoto wa namna hii? Pini zikafanya mkanda. Penye joto na mvua ugonjwa upo, milimani kwenye baridi haupo. Bwana yule akashuku kuna mdudu anayeueneza.

Alipatia nusu. Uvimbe uliosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala ulimpa Anthony Epstein na wenzake, Achong na Barr, kirusi walichokitangaza London mwaka 1964. Kirusi hicho karibu sisi sote tunacho, na wala hakienezwi na mbu. Mbu anakuja na malaria, na malaria ikimrudia mtoto mara kwa mara huvuruga kinga yake, kirusi kikapata upenyo. Kwa hiyo ile ramani ilikuwa pia ramani ya mbu.

Kinachoniudhi ni kwamba katika masimulizi niliyosoma, gari linatajwa aina na bei, ila mama wa Jinja hana jina.

Asubuhi daktari kijana alimuuliza dada tunaishi wapi, kuna madimbwi, mtoto hulala kwenye chandarua? Dada akanuna. Alidhani analaumiwa. Nikamsimulia habari ya ramani, kwa kifupi, huku dripu ya kwanza ikidondoka. Dawa hiyo, saiklofosfamaidi, Burkitt mwenyewe aliwapa watoto wa Kampala, mahali ambapo mashine ya mionzi haikuwepo, na wengine walipona kwa dozi chache.

Siku ya nne shavu lilikuwa limenywea. Sikuamini, nikampiga picha. Halafu zikaja siku mbaya: vidonda mdomoni, sindano za mgongoni, nywele kwenye mto. Kitanda cha jirani kikabaki kitupu asubuhi moja na hakuna aliyeuliza.

Tulipokwenda kliniki baada ya dozi ya mwisho, karani mpya alishika faili akauliza mnatoka wapi.

"Kibamba," dada akasema. Yule akaandika Ubungo. Dada akainama dirishani. "Hapana, baba. Andika Kibamba. Kule bondeni, nyuma ya kisima."

Mpwa wangu alikuwa anavuta sketi yake, anataka muwa.