Tuligongana

Neno la kwanza lililonisimamisha katika barua ile lilikuwa mise en échec. Mama mdogo wangu, ambaye ameishi Québec miaka kumi na mmoja sasa, alipiga picha kurasa mbili, akanitumia kwenye simu na kuniomba nimwandikie kwa Kiswahili. Kifaransa chake ni cha kazi ya usafi na cha dukani. Cha kamati za nidhamu kinampita. Mwanawe wa miaka 17 anacheza hoki ya barafuni katika timu ya vijana. Barua ilisema kwamba amekatazwa mechi tano kwa kosa la mise en échec par derrière.

Kamusi nilizokuwa nazo zilinipeleka kwenye mchezo wa sataranji, kisha kwenye kushindwa. Hakuna iliyonipeleka barafuni. Huko Québec, maneno hayo yana maana ya kumsukuma kwa mwili mchezaji mwenye rondelle, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, ili akipoteze. Kiswahili kina jina la jambo hilo, tena jina zuri: kikumbo. Kumpiga mtu kikumbo ni kumsukuma kwa bega au kwa ubavu. Wanafunzi wa chuo chetu hupigana vikumbo kila asubuhi mlangoni pa basi bila kujua kwamba ni mchezo wa Wakanada.

Katika ligi za vijana wakubwa kikumbo kinaruhusiwa. Lakini uwanja wao, wenye urefu wa mita 61 na upana wa mita 26 hivi, umezungukwa na ukuta mgumu unaozidi kimo cha mita moja, na juu yake kioo. Mchezaji anayeelekea ukutani akisukumwa mgongoni hana mkono wa kujikinga. Kichwa hutangulia, na shingo hubeba mwili wote. Kwa ajili hiyo, katika baadhi ya ligi za watoto kule Kanada, mgongoni mwa jezi hushonwa alama nyekundu ya kusimama, kama ile ya barabarani. Mdogo wangu alivaa jezi ya namna hiyo alipokuwa na miaka kumi. Nina picha yake.

Neno la pili lilikuwa suspension. Watangazaji wa mpira wa Tanzania wangesema “amefungiwa mechi tano”. Ni neno fupi na safi, lakini kati yake na kufungwa pana irabu moja tu, na kwa mama aliyelelewa Kalemie kufungwa ni gereza. Alikuwa ameshaniuliza kwa sauti: “Mwanangu, niambie kweli, hawa watu wanataka kumfunga mtoto?” Nikaandika “amekatazwa kucheza”.

Hofu yake haikuwa ya bure. Tarehe 17 Januari 2010, katika ligi kuu ya vijana ya Québec, Patrice Cormier wa Rouyn-Noranda alimpiga kiwiko cha kichwa Mikael Tam wa Remparts ya Québec. Tam alianguka na kutetemeka kwa degedege juu ya barafu, mbele ya watazamaji. Cormier alikuwa na miaka 19, na wiki chache kabla alikuwa nahodha wa timu ya taifa ya vijana ya Kanada. Ligi ilimkataza msimu wote uliobaki pamoja na mechi za mchujo. Kisha waendesha mashtaka nao wakamfikisha mahakamani. Alikiri kosa la kushambulia na kujeruhi, na mwaka huohuo akapewa kile ambacho sheria ya Kanada inakiita kwa Kifaransa absolution: hatia ipo, lakini hukumu haiandikwi. Nilipomweleza mama mdogo neno hilo alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama ni padri aliyeamua.

Lakini neno lililonishughulisha kuliko yote halikuwa katika barua. Lilitoka kwa mdogo wangu mwenyewe, kwenye simu: “Yaya, tuligongana tu.”

Mwalimu wetu wa mofolojia anapofundisha kauli ya kutendana hupenda mifano mizuri: kupendana, kusaidiana, kusalimiana. Hajatupa bado mfano wa mtu anayejificha ndani ya -ana. Kiambishi hiki hukata tendo vipande viwili na kumpa kila mmoja chake. Gari likimgonga mbuzi kwenye barabara ya Likasi, hakuna anayesema kwamba gari na mbuzi wamegongana, isipokuwa labda dereva. Nilitazama video. Mdogo wangu anatoka mbali, anateleza hatua tatu au nne, na namba iliyo mgongoni mwa mwenzake inaonekana wazi muda wote. Barua ya kamati, pamoja na ukavu wake wote, ilikuwa na sarufi sahihi: mtendaji mmoja, kitenzi kimoja, mtendwa mmoja.

Aliyegongwa aliinuka. Alitoka nje, hakurudi siku ile, lakini hakuvunjika kitu. Na hapa ndipo ninapogombana na barua, kwa maana mechi tano zilipatikana baada ya aya nzima juu ya majeraha. Tarehe 30 Oktoba 2009, katika ligi ya Ontario, Mike Liambas alimpiga kikumbo Ben Fanelli, kijana wa miaka 16. Kofia ilimruka, kichwa kikagonga chuma cha kushikilia kioo, fuvu likapasuka. Liambas naye alikatazwa hadi mwisho wa msimu. Sisemi kwamba vikumbo hivi vyote ni kimoja. Ninasema kwamba mdogo wangu, alipokuwa katika hatua ile ya mwisho, hakujua kama mbele yake pana kioo au chuma, na kamati ilimpimia kwa kitu ambacho hakukichagua.

Tena “hadi mwisho wa msimu” si kipimo kimoja kwa watu wawili. Liambas alikuwa na miaka 20, umri wa mwisho katika ligi hizo, kwa hiyo msimu ulipokwisha naye alikwisha pale. Cormier alikuwa tayari mali ya klabu ya wakubwa: kabla ya wiki tatu kupita tangu kiwiko kile, New Jersey ilimhamishia Atlanta, katika biashara ileile iliyomleta Ilya Kovalchuk.

Mama mdogo hakubaliani nami. Kwetu, anasema, wazee wakikaa kuamua ugomvi, swali la kwanza ni aliyeumia anaendeleaje. Malipo hufuata kidonda. “Kama mtoto wa watu angevunjika shingo, ungeniambia bado ni mechi tano?” Sikuwa na jibu la haraka, na hata sasa ninalitafuta.

Yeye alitaka kwenda kwa wazazi wa kijana yule, na kitu mkononi, kuomba msamaha. Barua ilisema mawasiliano yote yapitie klabu. Basi akaandika mistari mitatu kwa Kiswahili nimpelekee kwenye Kifaransa, na mstari wa kwanza ulikuwa: “Mtoto wangu alimgonga mtoto wenu.” Mdogo wangu aliposoma tafsiri aliniomba kwa ujumbe wa faragha niweke nos fils se sont heurtés. Nikamwambia amuulize mama yake. Alimuuliza, mama akakataa, na akamfanya aandike jina lake chini ya la kwake.

Karatasi ilifika kwa katibu wa klabu Jumanne. Mechi ya tano ni Jumamosi. Jibu bado.