Puli ya shangazi na ugonjwa wa zinki

Leo naweka programu pembeni, tuongee kuhusu puli.

Shangazi yangu wa Mombasa anaishi kwa cherehani. Miaka mitatu iliyopita puli ya mota yake ilivunjika, dukani hakuna ya kutoshea, na nguo za harusi mbili zinamsubiri. Nikajitia fundi: nitaisubu mwenyewe! Nilikuwa na kabureta mbovu na vitasa vizee, vitu ambavyo mara nyingi hutengenezwa kwa Zamak. Jina hilo ni la Kijerumani: zinki, aluminiamu, magnesi na Kupfer, yaani shaba. Kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani ndiyo iliyoileta mwaka 1929. Zamak 3 ina aluminiamu kama asilimia 4, na huyeyuka kabla ya nyuzi 390. Aluminiamu tupu hudai 660. Jiko la makaa na feni ndogo vinatosha. (Chonde, usitumie sufuria ya aluminiamu, zinki ya moto itaila mpaka itoboke. Wala usizidishe moto, moshi mweupe wa zinki huleta homa.)

Nikamimina kwenye kalibu ya mchanga, nikapiga tupa, ikapendeza. Shangazi akashona. Baada ya mwaka na nusu akanipigia: "Mwanangu, puli yako inatoa magamba." Nilipofika nikaikuta imevimba, ina nyufa, inamomonyoka kama biskuti.

Sisi waandishi wa kodi tunawajua wadudu wa aina hii: kosa ulifanya zamani, linalipuka kwa mteja. Kosa langu lilikuwa chungu. Nilikuwa nimekitumia kuyeyushia risasi ya chubwi za kuvulia. Zamak haivumilii risasi zaidi ya asilimia 0.005 hivi, ikizidi, joto na unyevu (na Mombasa vyote vipo tele) huleta kutu inayopenya katikati ya chembe za metali. Ndiyo maana kampuni ile ilianza kwanza kwa kusafisha zinki hadi asilimia 99.99. Magari mengi ya kuchezea ya enzi hizo yamebomoka vivyo hivyo makabatini.

Mara ya pili nilinunua chungu kipya cha chuma na kuagiza ZA-12, yenye aluminiamu asilimia 11, ambayo hutumika hata kwa bushi za mashine. Mabaki ya vitasa sikuyagusa.

Jumapili nimeipima puli, kipenyo kiko palepale. Shangazi hakunipongeza. Aliniuliza tu redio yake nitaitengeneza lini.