Chora Gede, Usiibebe: Jalada la Safari la Kujichapia

Wageni wengi wanaozuru pwani yetu kati ya Malindi na Kilifi hawataki kurudi nyumbani mikono mitupu. Wapo wanaookota makombe hata katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi, ingawa sheria inakataza. Lakini ipo kumbukumbu isiyopunguza chochote: daftari la michoro ambalo jalada lake umelichapa mwenyewe.

Anza Gede, kiasi cha kilomita 16 kusini mwa Malindi. Mji huu wa kale uliojengwa kwa mawe ya matumbawe una kaburi lenye tarehe inayolingana na mwaka 1399, na mnamo 2024 UNESCO iliuorodhesha kuwa Urithi wa Dunia. Keti kivulini uchore lango la kasri na upinde wake uliochongoka. Ukifika Kilifi, vuka daraja la mwaka 1991 uende magofu ya Mnarani, ukachore kaburi la nguzo. Chagua umbo moja lisilo na madoido mengi, kwani hilo ndilo huchapika vizuri.

Uchapaji wenyewe ni ule ule wa mafundi wa fulana. Pigilia mbao nne ziwe fremu, kisha uwambe kitambaa chembamba cha nailoni mpaka kikazike kama ngozi ya ngoma. Kata umbo lako katika karatasi ili libaki tundu. Tandaza kipande cha bafta mezani, weka karatasi hiyo juu yake, halafu fremu. Mimina rangi ya nguo upande mmja, uivute kwa kipande cha mpira hadi upande wa pili, mara moja au mbili. Inua fremu polepole.

Osha fremu papo hapo, maana rangi ikikauka huziba vitundu vya kitambaa. Bafta ikikauka, ipige pasi kwa upande wa nyuma ili rangi ishike, kisha uigandishe kwa gundi juu ya jalada gumu la daftari.

Sasa, mpenzi msomaji, lipo jambo moja la kutahadhari. Ukitembea vijiji vya Wagiriama huenda ukaona vigango, nguzo za mbao zilizochongwa kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu. Kwa miaka mingi vigango viliibwa na kuuzwa ng'ambo. Mwaka 2007 viwili vilirejeshwa kutoka Marekani, na mwaka 2019 jumba la makumbusho la Denver likarudisha vingine 30. Familia zilizoibiwa hazikupoteza pambo; zilipoteza mzee wao.

Huenda ukauliza, kuchora si kuiba, basi kuna ubaya gani? Kigango hakikusimamishwa kiwe urembo wa daftari. Piga hodi kwanza, uwaombe ruhusa wenye mji. Wakikataa, washukuru na uende zako. Lango la Gede lipo, mashua zipo, minazi ipo.

Jalada la namna hii halihitaji fedha nyingi, ila subira. Na kila utakapolifungua, utajua kwamba ulichokichora bado kipo mahali pake, kikimngoja mwingine aje akione. Mgeni mwema huacha nyumba ya mwenyeji wake kama alivyoikuta.