Nishani bila kijitabu ni nambari tu

Wadau, leo tupumzike kidogo na mambo ya programu. Niwaambie uraibu wangu mwingine: kukusanya nishani za Muungano wa Kisovieti.

Chukua Nyota Nyekundu, nishani iliyoanzishwa 1930. Ni ya fedha, na nyuma yake ina nambari. Mwenyewe alipewa pia kijitabu chenye jina lake na nambari hiyo hiyo. Wale wa hifadhidata mshanielewa: nambari ni ufunguo, kijitabu ndicho jedwali.

Sasa kuna wachuuzi wanaouza nishani huku, kijitabu kule, ili wapate faida mara mbili. Hapo wamemfuta mtu! Mwaka 2010 Wizara ya Ulinzi ya Urusi ilizindua Podvig Naroda, hifadhidata ya nyaraka za tuzo za vita vya 1941-1945. Safi sana, ila mtu alitafutwa humo kwa jina, siyo kwa nambari ya nishani. Bila kijitabu, jina utalitoa wapi?

Kwa hiyo mimi kanuni yangu ni moja: seti haivunjwi. Heri kijitabu kilichochakaa pamoja na nishani iliyokwaruzika, kuliko nyota inayong'aa isiyo na mwenyewe.